Namna ya Kubisha

Dundee, Desemba. Saa kumi alasiri
na jua limeshafunga duka.
Ghorofa ya nne, mimi na visahani vyangu,
seli zimelala katika joto la mwili wa mtu
ambaye hayupo.

Shuleni walitwambia: kufuli na ufunguo.
Si hivyo. Ni hodi.
Kipokezi ni mlango usio na kitasa,
ulioshonewa mara saba kwenye ngozi ya seli,
na wageni hawabishi sawasawa.
Mofini hubisha taratibu, kama mkwe,
na ndani mmoja huinuka akazima taa za maumivu.
Fentanili hubisha kwa kiganja kizima:
nyumba yote macho,
na wa pili naye huja, arestini,
akaukamata mlango wenyewe, akauvuta ndani,
pakabaki ukuta.
Kesho yake mgeni yuleyule
atabisha mara mbili kupata alichopata jana.

Naloksoni hana la kusema.
Hukaa kizingitini tu,
na hapiti mtu.

Senga Petrie, jirani yangu wa chini,
haya hayajui. Anajua chupa ya kahawia,
mililita tano kila baada ya saa nne,
mfupa wa nyonga ulioacha kulia,
tumbo lililogoma, leo siku ya sita.
"Hasa unafanya kazi gani, Mwana?"
(Mwanaidi humshinda.)
Nikamwambia: natafuta hodi
ya kumwamsha mmoja, mwenzake alale;
maumivu yazimwe, pumzi isiguswe.
Akacheka hadi akakohoa.
"Umeipata?"

Miaka tulichora mishale miwili ubaoni,
huu wa nafuu, huu wa kaburi,
imenyooka kama barabara aliyochora mtoto.
Kisha panya waliozaliwa bila arestini
wakapewa mofini,
na pumzi zao zikafifia vilevile.
Nilifuta mshale mmoja.
Sijajua niweke nini pale; doa la chaki lipo.

Usiku huu nimepita kwake. Kalala kitini,
televisheni inajisemea yenyewe.
Nahesabu kifua kwa saa ya mkononi:
kumi kwa dakika. Tisa.
Naloksoni ninayo mfukoni.
Ikimrudisha yeye, itaurudisha na mfupa.

Nahesabu tena.
Na ndipo nakumbuka:
nilipoingia, sikubisha.