Dirisha la Pili

Kliniki yetu ina madirisha mawili.
La kwanza la raia: lina kiti, lina pazia,
lina kisahani cha peremende ninazonunua mwenyewe.
La pili la wageni: lina foleni.
Ukutani kati yake, saa moja, inayowachelewesha wote.

Naitwa Rimma. Mwaka wa kumi na tisa huu
nafunga watu mpira mkononi,
natafuta mshipa kwa ncha ya kidole.
Nawaambia, utahisi kama mbu,
na wote, raia na mgeni, hugeuza uso
kwenye kalenda yenye picha ya paka.

Vichupa vina kizibo cha zambarau.
Vikiingia kwenye mashine huzunguka pamoja,
na mashine haijawahi kuniuliza
huyu kazaliwa wapi.

Tolkunbek alikuja Januari, ndevu zimeshika barafu.
Nilimjua. Ndiye aliyekuwa akiondoa theluji uani kwetu
kabla hatujaamka, krr, krr, beleshi juu ya lami,
na mimi kitandani nikimlaani kwa usingizi wangu.
Alitaka cheti tu; kibali cha kazi hakitoki bila cheti.
Akanyoosha mkono kama mtu anayelipa deni.
"Wewe ndiye wa ghorofa ya tatu," akasema.
"Taa yako huwaka saa kumi na moja."

Damu nzito kuliko maji, watu husema.
Kazini kwangu karatasi ni nzito kuliko damu.

Karatasi ya raia husema: nenda chumba namba saba,
dawa bure, kila mwezi, hadi uzeeni.
Karatasi ya mgeni husema: nakala kwa idara ya uhamiaji.
Baada ya hapo hakuna chumba.
Kuna siku za kuhesabu, na mpaka.
Mistari miwili, lakini, ni mistari miwili.

Kaka yangu Gennadi anayo hiyohiyo.
Raia. Dereva wa tramu. Mwaka wa sita
anachukua kopo lake na kuniapia kwamba anameza.
Jumapili, nikitafuta mkasi jikoni kwake,
nikafungua droo nisiyotumwa:
makopo tisa, hayajaguswa,
nyuma ya betri zilizokufa na mishumaa ya keki.
"Nikimeza ndipo nakumbuka," akasema.
"Nisipomeza, mimi ni dereva tu."
Nilijiambia sitamgombeza. Nikamgombeza.
Kisha (niseme, maana hii si fomu)
nikatia makopo matatu mkobani.

Jibu la Tolkunbek lilikaa mezani kwangu tangu Jumatatu.
Sahihi yangu ilitakiwa kabla ya saa kumi, Ijumaa.
Kila alfajiri nikaamka, nikategea sikio.
Jumanne, krr, krr, na miguu yangu ikakataa ngazi.
Jumatano, krr, krr; nikashuka, koti juu ya gauni la kulalia,
nikakuta mwingine, kijana, hata beleshi hajui kulishika.
"Tolkunbek?"
Akainua mabega. Akatazama viatu vyangu
kama mtu aliyefundishwa kutojua.

Labda alilisoma jibu usoni kwangu, siku ileile, kabla ya mashine.
Wapo wanaosema amenunua cheti safi kule stesheni.
Wapo wanaosema amepanda treni ya siku tatu, kwao.
Mimi ninachojua ni mililita tano,
kwenye jokofu, rafu ya pili,
na jina nililoliandika kwa makosa.

Ijumaa, saa kumi kasorobo, nikatia sahihi.
Nina binti chuoni. Nina mkopo wa nyumba.
Sijamwambia mtu kwamba mkono haukutetemeka.

Sasa narudi nyumbani kwa tramu ya Gennadi.
Anafunga milango, anataja vituo kwa sauti safi,
hajui ninachobeba, au anajua.
Makopo yako mkobani, sijui niyapeleke wapi,
na kila tramu ikikata kona
vidonge vinalia humo ndani,
krr, krr,
na abiria aliye kando yangu anasogea kidogo.