Sifuri

Gari lilikuja na taa, si na kelele.
Taa ndogo ya manjano, na Mwalimu Atsiaya nyuma ya usukani
ameshika karatasi ya fundi mwingine kama majibu ya hospitali:
chujio limeziba, litolewe, elfu arobaini na tano.
Ametoka Luanda, ile ya Vihiga, kwa gia ya tatu,
hata matrekta ya miwa yakimpita.

Hapa Kibos Road dizeli hutolewa mapafu kila siku.
Unakata bomba, unatoboa sega la udongo kwa nondo,
unachomelea tena, na anayelipa ni mtoto
anayevuka barabara nyuma ya moshi.
Nimefanya. Mara mbili. Sitasema ya nani.

Siku hii nilitaka kuuliza kwanza.

Kihisi ni kidude cha kukaa kiganjani,
waya tatu, neli mbili:
moja husikiza moshi kabla ya chujio, moja baada.
Kazi yake ni kutoa hii kwa ile
na kupeleka jibu kwa kompyuta.
Hesabu ya darasa la pili, nikamwambia Mwalimu,
akatabasamu kwa mara ya kwanza,
maana ndilo darasa analofundisha.

Nikafungua swichi, injini imelala.
Hakuna moshi, hakuna upepo bombani.
Toa sawa kwa sawa.
Ogalo ameshika mashine, akasoma kwa sauti:
kumi na moja.
Soma tena.
Kumi na moja, fundi.

Wauza mahindi wa Kibuye wanaujua ujanja huu,
mizani inayoanza kupima
kabla gunia halijapanda.

Nikapima waya. Volti tano, zimefika.
Ethi, safi.
Nikachomoa neli zote mbili, kihisi kikabaki uchi hewani,
na Ogalo akasema polepole, kama mtu aliyeona nyoka:
sifuri.

Basi hakikuwa kinadanganya.
Kilikuwa kinasema kweli juu ya kitu kingine.

Nikapuliza neli ya kwanza: hewa.
Ya pili ikanigomea. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba,
ikatema maji, kijiko kimoja cha maji meusi,
ladha ya sarafu na masizi,
kwenye aproni yangu na kiatu cha Mwalimu.

Maji hupenda bonde. Nikaifuata neli kwa vidole
mpaka pale ilipolegea ikafanya bonde,
pale palipokosa klipu, pakafungwa
kwa uzi wa buluu wa gunia la sukari,
kuzungusha mara tatu, ncha kuchomekwa ndani.

Nilijua fundo lile.
Mama alifunga hivyo miguu ya kuku wa kupeleka sokoni.
Na hili nililifunga mimi, mwezi wa Machi,
tuliposhusha giaboksi huku mvua ikitukimbiza;
nikasema klipu nitaweka kesho.

Ogalo alinitazama. Anayajua mafundo yangu.
Mwalimu alikuwa anapangusa kiatu.

Kuna kunyamaza kunakolipa.
Ningesema kihisi kimekufa, kipya elfu kumi na nane,
angenishukuru njia nzima mpaka Luanda.

Nikakata uzi. Nikatafuta klipu kwenye kopo la misumari,
neli ikapanda moja kwa moja, bila bonde.
Nikawasha injini: mbili. Nikakanyaga mafuta: tisa,
nikaachia, ikashuka yenyewe.
Chujio linapumua.
Nikazima. Nikafungua swichi tu.

"Mwalimu," nikasema, "fundo lilikuwa langu."

Hakujibu upesi. Aliutazama uzi wa buluu mkononi mwangu,
halafu uso wangu, kama anavyotazama, nadhani,
daftari la mtoto aliyefuta jibu mpaka karatasi ikatoboka.
"Sawa," akasema. "Nadaiwa ngapi?"

Mimi nikakosa pa kuweka mikono.
Ogalo, mashine bado kiganjani,
akamsomea kilichokuwa kwenye kioo.