Safu ya Dakika

Ramani tumeitandaza juu ya meza ya jikoni,
pembe moja imekaliwa na kopo la kahawa,
nyingine na miwani ya mama.
Pale ilipokunjwa miaka nenda miaka rudi
karatasi imechanika, ikafuata mto Soča
kana kwamba maji yenyewe yameila.

Danilo ana rula. Danilo ana kalamu nyekundu
na jedwali la saa na dakika.
Ijumaa alfajiri tunatoka Trieste, kaskazini moja kwa moja,
tuupande mlima wa Vršič: kona hamsini,
kila kona na namba yake kwenye kibao,
na tumbo langu limeanza kuzihesabu sasa hivi.
"Barabara ile," asema, "waliijenga mateka wa Kirusi,
vita vile vya kwanza. Theluji ikawaporomokea.
Kuna kanisa dogo la mbao. Dakika ishirini."
Naandika: wafu, dakika ishirini.

Kisha tushuke na mto. Rangi yake, asema, hutaamini,
si kijani, si buluu,
ni chupa iliyosagwa ikachanganywa na maziwa.
Bovec, samaki. Kobarid, jibini.
Kwenye mahandaki ya askari, viatu visivyoteleza.
Daraja la Solkan, tao la mawe, picha moja,
jua likiwa mgongoni mwetu.
Nauliza choo kiko wapi.
Choo hajakiandika.

Mama anamenya viazi.
Ana miaka themanini na sita,
na kila tukitaja mpaka, kisu husita kidogo.
"Na kibali? Nitatakiwa kibali?"
"Mama! Vizuizi viling'olewa zamani.
Ni kweli siku hizi askari wamerudi kusimama,
huchungulia dirishani, lakini si sisi wanaotafutwa."
"Enhe," asema mama. "Safari hii si sisi."

Anakwenda chumbani, anarudi na kijitabu cha kijivu:
msichana mwenye nywele za mawimbi,
mihuri ya zambarau imerundikana kama michubuko.
Mara nne kwa mwezi, si zaidi.
"Nilivuka na kahawa ndani ya sidiria," asema,
"nikarudi na nyama mapajani.
Baba yenu alinusa vyote viwili akanioa."
Danilo anakohoa. Mimi nacheka hadi kalamu inanidondoka.

Mama hacheki.
"Lakini kwanza walikuja na ndoo ya chokaa.
Nilikuwa na miaka tisa.
Mstari ukapita uani, nyumba huku, zizi kule,
na Liska wetu akaamka ng'ombe wa nchi nyingine.
Alilia siku mbili, chuchu zimejaa.
Hatua kumi na nne kutoka mlangoni; nilizijua,
ndizo nilizojifunzia kuhesabu.
Askari alikuwa kijana, masikio yamemtoka.
Usiku wa pili akamkamua mwenyewe, vibaya,
akakinga kwa kofia yake ya chuma,
akaiweka juu ya mstari,
akatupa kisogo, akatazama mlima
mpaka nilipomaliza kunywa."

Viazi vinachemka, kifuniko kinagonga.
Danilo anaitafuta nyumba kwa ncha ya rula.
Haipo. Kwenye ramani ya kipimo hiki
hatua kumi na nne hazifiki hata unene wa wino.
Safari ni hatua, husemwa,
na sisi tulikuwa tumepanga kilomita mia tatu.

Mama anaivaa miwani, pembe ya ramani inajikunja.
Anachukua penseli, si kalamu nyekundu,
na chini ya Solkan, chini ya picha na jua,
anaandika kwa herufi za shule ya zamani:
*Hapa mnishushe. Msinishike mkono.*

Danilo anasoma mara mbili.
Anaandika saa ya kufika.
Safu ya dakika anaiacha wazi.