Karoti Hali

Siku ya tatu, Karoti hali.
Chembe zinaelea, zinavimba, zinazama,
naye kajibanza penye kipimajoto,
mapezi yamembana mbavuni kama mwavuli uliofungwa.
Mdomo anaufungua juu kabisa, maji yanapoishia,
wala si kwa kuomba chakula. Anatafuta pumzi.

Raivis mwanangu aliniachia Septemba
akaenda Norwe kuchomelea vyuma.
"Mama, huyu hana taabu. Chembe chache asubuhi, basi."
Hakujua anamwachia nani.

Mimi Dzidra, mwaka wa ishirini na sita huu
nasafisha wodi ya upasuaji, Daugavpils.
Mikono yangu inanuka klorini hata kanisani.
Daktari mkuu hupitisha kidole chini ya kitanda,
hukitazama,
kisha hunisalimu kwa jina.
Sina nishani nyingine.

Basi nilipoona ute wa kahawia ndani ya chujio,
sifongo inateleza kama ulimi wa ng'ombe,
nilishikwa na aibu, kana kwamba mgeni kafunua sufuria yangu.
Nikaikamua chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe.
Nikasugua kokoto moja moja. Nikasugua kioo.
Nikamrudisha samaki katika maji mapya yanayong'aa,
ungeweza kusoma gazeti upande wa pili.
Nikajisifu, nikanywa chai.

Nikamletea njegere iliyomenywa. Akaionja, akaitema.
Nikapunguza taa. Nikambembeleza kwa Kilatvia, kisha kwa Kirusi,
maana huenda alizoea lugha ya dukani.

Bwana Zenons wa ghorofa ya nne,
mstaafu wa maabara ya reli, mvivu wa kunyoa,
alishuka na kichupa na matone yake.
Akachota, akatikisa. Dakika tano tulikaa kimya
kama ndugu wa mgonjwa kwenye benchi.
Maji yakageuka kijani, kijani cha jani la kabichi.

"Amonia," akasema. "Taka zake mwenyewe, zinamchoma matamvua."
"Lakini nilisafisha!"
"Ndiyo. Ule ute ulikuwa hai, Dzidra.
Vijidudu. Ndio waliokuwa wakila taka zake, usiku na mchana.
Walikuwa wasafishaji, kama wewe.
Umewafukuza kazi wote siku moja."

Nilikaa juu ya ndoo.

Akaniletea sifongo kutoka tangi lake, chafu, ndani ya mfuko,
nikaipokea kwa mikono miwili.
Sasa kila jioni najaza ndoo, nailaza karibu na jiko
klorini itoke na baridi ipungue,
na asubuhi nabadilisha robo tu. Robo, Zenons kasema, usizidishe.
Chakula simpi. Kumnyima nako ni kumtunza,
jambo ambalo mama yangu asingelikubali hata kaburini.
Kijani. Kijani hafifu. Nje Daugava imeganda ukingoni.
Njano yenye shaka.

Siku ya kumi na moja nikadondosha chembe moja.
Akaizunguka. Akaimeza. Akaitema.
Akaifuata tena ikizama,
na safari hii haikurudi.

Sikumwandikia Raivis habari yoyote.
Ndani ya chujio ute umeanza tena, mwembamba, wa kahawia.
Nausimamia kila asubuhi kabla ya zamu,
mkono unaniwasha.
Nautia mfukoni.