Mkebe wa Misumari

Hapa Lurambi mvua haipigi hodi.
Saa nane ikifika, inaingia,
na vanishi iliyopakwa saa saba
inageuka nyeupe kama uji wa mgonjwa.
Nimelijua hilo kwa hasara, si kwa kitabu:
asubuhi ni ya brashi,
alasiri ni ya msumeno na maneno.

Ukutani nina bati nililolipaka weusi,
naandika kwa chaki.
Kitanda cha Bi Khasoa, tano kwa sita.
Madawati ishirini, shule ya kanisa.
Meza ya kinyozi: nusu amelipa,
nusu ya pili ni hadithi.
Na juu kabisa, kwa herufi kubwa,
mstari nisioufuta mwaka wa sita sasa,
MASHINE YA RANDA,
chaki yake imekuwa kovu.

Jumatano simu inalia.
Sauti ya mtu anayeegemea ukuta.
Simuulizi jina, namuuliza urefu.
Jeneza halijui foleni,
halisemi nitapitia kesho.
Nafuta kitanda, nasukuma madawati,
napiga randa kwa mkono hadi taa ya jirani izimwe,
na Bi Khasoa akija namwambia,
mama, ni msiba,
naye anainamisha kichwa, anarudi kulala chini.

Miaka sita nimesema hivyo.
Wateja wakinuna: ni msiba.
Randa haijanunuliwa: ni msiba.
Nani atabishana na kifo?

Shivachi alibisha.
Kijana wa kushika tu ncha ya ubao,
hajamaliza hata mwaka.
Alichukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia,
akasema, Fundi, wiki hii
kila anayetuachisha kazi namwekea msumari uliopinda.
Nikacheka. Misumari iliyopinda tunayo tele.

Jumamosi akaumwaga mkebe mezani.
Msumari mmoja, akauweka kando:
huu ni jeneza.
Iliyobaki tukaihesabu mara mbili,
arobaini na mitatu.
Aliyekuja kuuliza bei ya kabati asilolitaka.
Aliyeazima koleo. Aliyelirudisha akakaa.
Kinyozi, mara tisa,
na "dakika moja tu" yake iliyokunywa chai.
Mimi mwenyewe, mara kumi na mbili,
nikitafuta penseli iliyokuwa sikioni.

Kumbe miaka yote hii
nimekuwa nikiwasingizia maiti.

Jumatatu nilipigilia kipande cha mvule mlangoni:
MAONGEZI NI MVUA IKIANZA.
Kinyozi alinuna siku nne.
Siku ya tano mawingu yalijaa, akaja mbio,
akakuta wenzake wamejibanza chini ya bati,
na mimi nasugua msasa nikiwasikiliza.
Watu hawakunikimbia. Walihama saa tu.

Na saa ya kwanza, kabla sijawasha simu,
naunda stuli kwa masalio ya mbao.
Moja kwa siku, na kuna siku sifuri.
Faida yake haiingii mfukoni wa suruali.
Kando ya lile kovu la chaki
sasa pana tarakimu ndogo,
naifuta na kuiandika upya kila Jumamosi.
Ni ndogo. Lakini inasogea.

Ningeishia hapo, nijipongeze.
Ila juzi Minayo, mke wangu,
aliniletea chakula karakanani, jambo asilolifanya,
akasimama mbele ya ubao akisoma polepole,
toka juu mpaka chini.
Chumba chetu kina pazia
pale ambapo mlango ungekuwa.
Tangu arusi.
Akauliza, bila hasira,
Mimi niko mstari wa ngapi?

Nikatazama ubao.
Nikautazama tena, kama mtu aliyepoteza sarafu nyasini.

Usiku ule, yeye amelala,
niliipima fremu gizani kwa kiganja,
shubiri tisa kwenda juu, tatu na nusu upana.
Asubuhi sikuiandika kwa chaki.
Nilichagua ubao mmoja usio na fundo,
nikaanza.