Kilomita Arobaini na Nne

Usiku, gari likiwa limelala bandani
na waya wake ukutani,
sasisho liliingia.
Halikubisha hodi.
Asubuhi skrini ikaniambia toleo jipya liko tayari,
kisha, kwa herufi ndogo kama za chupa ya dawa ya kikohozi:
ukadiriaji wa betri umeboreshwa.

Nililala na kilomita mia tatu na kumi na mbili.
Nimeamka na mia mbili sitini na nane.
Sijavuka hata lango.

Oddvar jirani akaja, theluji imemfika magotini.
"Wamekuibia, Torgunn," akasema.
"Mtu kakaa ofisini kwake, kabonyeza kitufe,
kakukatia kipande cha barabara."
Yeye bado ni wa dizeli,
na kila msiba wa umeme kwake ni sikukuu.
Nikammiminia kahawa. Sikumjibu.

Miaka thelathini na sita nilikuwa mkunga hapa Vadsø.
Nawajua kina mama: mtoto akiwekwa kwenye mizani,
hawaitazami mizani,
wanakutazama wewe usoni,
wakiomba namba nyingine.
Na usiku mmoja wa dhoruba, barabara zimefungwa,
mama mwenyewe hana hata nguvu ya kulia,
niliitoa hiyo namba nyingine.
Gramu mia mbili, za mdomo tu.
Mtoto hakunenepa kwa neno langu.
Siku ya tatu ndege ikaja ikamchukua.
Aliishi.
Zile siku tatu bado nazihesabu.

Kwa hiyo nakwambia, Oddvar, sasa umeshamaliza kahawa:
betri haikupungua jana usiku.
Ilipungua Januari moja baada ya nyingine, kwa miaka tisa,
kila nilipoijaza hadi pomoni kwa uchoyo,
kila nilipoiacha uwanjani kwenye baridi ya kupasua meno
nikipiga soga madukani.
Kilichobadilika ni ulimi wa gari.
Mwaka juzi lilinizimikia karibu na Nyborg
huku likiapa lina kilomita thelathini mfukoni.
Nikasimama kando ya barabara saa mbili na nusu,
nimejifunga zulia la kuwekea miguu,
nikiitazama ile thelathini ikiwaka, kijani, haina haya.
Wakati ule hukusema nimeibiwa.

Mficha uchi hazai,
na mimi nimezalisha wengi mno kulisahau hilo.

Nikapiga simu Kirkenes, kwa mafundi.
Akapokea kijana, Jovnna, sauti yake kama mkate wa moto.
Akaniambia kuna betri mpya, ya kemia nyingine,
haina kobalti, haiogopi baridi,
wanaitoa ya zamani wanaiweka hiyo, siku moja tu,
nayo itadumu miaka ishirini na mitano.
"Mwanangu," nikasema, "mimi nina sabini na sita.
Hiyo ishirini na mitano namwekea nani?"
Akanyamaza
kama mtu aliyekalia miwani ya mwenzake.
Nikacheka ili apumue.
Akaniuliza, taratibu, kwa siku naenda umbali gani.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Dukani. Makaburini. Kwaya Alhamisi.
Na mara moja kwa mwezi kwa dada yangu Gudny, Bugøynes,
anayekataa kuhama na anayekataa kupika.
"Basi inakutosha," akasema Jovnna,
"ukipunguza mwendo. Na ukivaa sweta."

Nimevaa mbili.
Hita nimeizima, vidole vinalalamika,
chungu cha supu nimekifunga mkanda kama abiria.
Oddvar yuko dirishani kwake, anatikisa kichwa.

Kwenye mteremko wa kanisa nikaondoa mguu kwenye pedali,
gari likaanza kuguna, likijinywea umeme wake lenyewe,
na ile namba, baada ya kufikiri kidogo,
ikapanda.
Mia mbili sitini na tisa.

Moja tu.
Nikaiamini.