Ripoti ya Viatu, Kapchorwa

Nimevivaa siku ishirini na tisa, Bwana Wamboza,
kama tulivyoagana dukani kwako Mbale,
wewe umeshika kalamu, mimi nimeshika boksi.
Ulisema: kimbia navyo, kisha uniambie ukweli,
kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Basi nimelala. Sikiliza.

Siku ya kwanza nilicheka peke yangu.
Soli nene kama andazi lililoumuka usiku kucha,
nikikanyaga nazama, nikiinua narushwa.
Barabara ya Tegeres, niliyoijua kwa nyayo
tangu darasa la tatu,
ikanyamaza chini yangu.
Kokoto zilinisalimu kwa mbali
kama jirani aliye ng'ambo ya mto.
Na goti langu la kushoto,
lile lililonitoa mashindanoni mwaka ule wa Bukwo,
lile linalojua mvua kabla ya redio,
halikusema neno mpaka Jumatano.

Andika hilo kwanza. Wateja wataliuliza.

Sasa matope.
Mvua ya Aprili ikishuka Elgon haishuki kwa adabu.
Udongo wetu hunata kama mdai,
na meno ya soli ni mafupi, yamebanana,
yakaumeza yasiuteme.
Kwenye mteremko wa Musobo nilianguka
mbele ya kahawa aliyoianika mkewe,
nikakaa kitako kama mgeni aliyekosewa kiti.
Binti yao Chelangat, peku, ndoo kichwani,
alinipita akishuka, akanipita akipanda,
asimwage hata tone.
Akauliza: Shangazi, vinauma?

Nimelifikiria sana swali lile.
Haviumi. Ndiyo taabu yake.
Mguu wangu ulizoea kusoma:
hapa mzizi, hapa jiwe linalocheza,
hapa ng'ombe wamepita alfajiri, kaa pembeni.
Sasa unapapasa
kama mtu mwenye glavu anayehesabu noti gizani.
Mara mbili kifundo kimepinda,
maana soli imeninyanyua mno,
na unajua wanavyosema juu ya aliye juu.

Mengine madogo.
Mbele pembamba; vidole vyetu vimetanuka
bila kuomba ruhusa kiwandani,
ukucha wa kidole cha mwisho umekuwa mweusi.
Kamba ni nzuri, hazijafunguka hata mara moja.
Kitambaa hukauka upesi,
ila mimi nilikuwa na haraka zaidi,
nikavianika kando ya jiko, sufuria ya posho ikichemka,
gundi ya kisigino cha kulia ikaachia.
Kosa hilo ni langu. Usiwalaumu waliovishona.

Bei. Kwa bei uliyoibandika
mtu wa huku atauza mbuzi wawili
na bado akuombe umkopeshe soksi.
Leta jozi sita, usilete katoni.
Leta za wanawake. Nyie huwa mnasahau.

Kuna jambo moja halimo kwenye fomu yako.
Siku ya ishirini na saba nilikuwa juu, ukingoni mwa msitu,
ukungu umefunga, sioni hata mkono wangu.
Nikaanza kuteremka.
Sikuteremka kama ninavyoteremka siku hizi,
ubavu ubavu, kama mama aliyebeba mayai.
Nilijiachia. Upepo masikioni,
mianzi ikinichapa mabega,
na katikati ya mteremko nikajisikia nahesabu kwa sauti,
moja-mbili, moja-mbili-tatu,
hesabu ya msichana fulani
niliyedhani amebaki Bukwo.
Nilipofika chini kwenye daraja la magogo
niligeuka kutazama nani alikuwa ananifukuza.
Sijui utaiandika chini ya kichwa gani.
Labda chini ya starehe. Labda iache.

Viatu nitavirudisha, mkataba ni mkataba.
Ila wewe ulitaka ukweli, si nusu yake,
na mimi nimevijaribu matopeni, mawemawe, nyasini.
Vumbini bado.
Na kwetu, Bwana Wamboza,
vumbi huanza Desemba.